Namna ya kuandika waraka wa maoni kuhusu usalama wa taifa, haki ikitangulia silaha

Kila mwaka, kati ya Februari na Juni, Wakenya hualikwa kutoa maoni kuhusu makadirio ya fedha za serikali. Katika vikao hivyo watu huzungumza kwa ufasaha juu ya barabara, visima, basari na dawa za zahanati, lakini inapofikiwa sehemu ya ulinzi na usalama ukumbi hunyamaza, kana kwamba jambo hilo ni la majenerali na maafisa wa ujasusi peke yao. Ukimya huo una gharama. Wanaoishi pembezoni mwa msitu wa Boni, au kandokando ya barabara ya Garissa kwenda Mandera, wanajua mambo kuhusu usalama wa nchi hii ambayo hayamo katika taarifa yoyote ya makao makuu, na wasipoyaandika, mpango wa mwaka unaofuata utaandikwa tena kwa hesabu ya magari ya deraya, vizuizi vya barabarani na kambi mpya.

Mwongozo huu ni wa kikundi chochote cha wananchi, kiwe cha wavuvi, wafugaji, akina mama wa chama, msikiti au kanisa, kinachotaka kuandika waraka wa maoni kuhusu usalama na kuuwasilisha mahali unapostahili. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo ili msomaji aupime. Usalama wa taifa husimama juu ya haki, na silaha huja baadaye kukilinda kile ambacho haki imekijenga. Sidai kwamba jeshi livunjwe. Ninachosema ni kwamba askari asiyeambiwa kitu na wananchi hawezi kuona mbele yake, na wananchi hawamwambii kitu mtu ambaye wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa adui.

Anzeni na Kifungu cha 238

Waraka usianze kwa malalamiko, hata kama malalamiko ni ya kweli. Uanze kwa sheria, kwa sababu mwenyekiti wa kamati anaweza kukipuuza kilio cha mtu lakini ni vigumu kwake kuipuuza Katiba aliyoapa kuitii. Kifungu cha 238 cha Katiba ya 2010 kinaeleza kwamba usalama wa taifa ni kuikinga Kenya dhidi ya vitisho vya ndani na vya nje vinavyolenga mipaka yake na mamlaka yake, watu wake, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani, uthabiti na ustawi, pamoja na maslahi mengine ya taifa. Isomeni orodha hiyo kwa sauti mkiwa pamoja. Mipaka imo, na haki za watu zimo katika sentensi iyo hiyo. Anayemkamata kijana bila sababu na kumpoteza amehujumu usalama wa taifa kwa mujibu wa maandishi ya Katiba yenyewe, na hilo linafaa kuandikwa katika aya ya kwanza ya waraka wenu.

Sehemu ya pili ya kifungu hicho inaviweka vyombo vyote vya usalama chini ya Katiba na Bunge, inavitaka vifuate sheria na kuheshimu kikamilifu haki za binadamu na tamaduni za jamii mbalimbali, na inaagiza kwamba uandikishaji wa askari uonyeshe sura ya Kenya nzima kwa uwiano wa haki. Unganisheni hapo Kifungu cha 241, kinachosema kwamba jeshi linaweza kupelekwa kurejesha amani katika eneo lenye machafuko ndani ya nchi kwa idhini ya Bunge la Kitaifa tu. Vifungu hivi viwili vinatosha kuwa msingi. Waraka uliojaa vifungu ishirini humchosha msomaji kabla hajafika kwenye hoja.

Andikeni historia ya eneo lenu katika safu tatu

Hii ndiyo sehemu inayohitaji muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayoutofautisha waraka wenye uzito na barua ya manung'uniko. Chukueni daftari kubwa, mgawe ukurasa safu tatu. Katika safu ya kwanza andikeni tukio na tarehe yake. Katika ya pili andikeni serikali ilifanya nini. Katika ya tatu andikeni jibu la swali hili: baada ya hapo, ni nani aliyeacha kuzungumza na serikali?

Tuchukue mfano wa Wajir. Baada ya uhuru, eneo lote la Kaskazini Mashariki liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vilivyopiganwa kati ya 1963 na 1967, na sheria hizo zilibaki hadi 1991, zaidi ya miaka ishirini baada ya bunduki kunyamaza. Wakati huohuo, Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika sehemu zenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, mahali ambapo mapato yangeongezeka haraka, na kwa uamuzi huo kaskazini ikaachwa nyuma kwa sera iliyoandikwa na kupitishwa. Kisha ikaja Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walipokusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiliwa kwa siku kadhaa juani bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati huo ilitaja vifo 57. Manusura na familia wamehesabu mamia kwa mamia. Operesheni ile ilitangazwa kuwa ya kuwapokonya watu silaha, yaani ya kuleta usalama. Katika safu ya tatu, mbele ya tukio hilo, mzee yeyote wa Wajir atawaambia la kuandika: mji mzima ulijifunza kwamba kuitikia wito wa serikali na kwenda uwanjani kunaweza kuwa safari ya mwisho, na fundisho hilo likarithiwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

Miaka thelathini baadaye, Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch iliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na kuwazuilia katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi. Wapo walioonyesha vitambulisho vya Kenya wakaambiwa havitoshi. Pangeni matukio haya mawili katika ukurasa mmoja na mtaona bila kuelezwa kwamba mama wa Eastleigh aliyemwona mgeni mwenye mzigo wa kutia shaka alikuwa na sababu ya kufunga mlango wake na kunyamaza.

Lamu nayo ina ukurasa wake. Vita vya Shifta viliwahamisha Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara, na hawakurudishiwa mashamba yao. Katika miaka ya 1970 serikali ilianzisha makazi ya Mpeketoni kwa ajili ya wakulima kutoka sehemu nyingine za nchi, watu ambao wengi wao pia hawakuwa na ardhi na hawana kosa kwa kupewa. Lawama ni ya utaratibu uliompa mmoja hatimiliki na kumwacha jirani yake akiitwa skwota katika pwani ya mababu zake. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 na usiku uliofuata, washambuliaji waliwaua zaidi ya watu 60 katika Mpeketoni na vijiji vya karibu. Al-Shabaab walijitwalia shambulio hilo, na katika maelezo yao walitumia malalamiko ya ardhi ambayo hayakuwa yao. Mwishoni mwa Julai mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta aliagiza kufutwa kwa hati za ekari zipatazo 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Agizo hilo linafaa kunukuliwa katika waraka wowote wa Lamu, kwa maana hapo serikali yenyewe ilikiri kwamba suala la ardhi ni suala la usalama, jambo ambalo wakazi walikuwa wakilisema kwa miaka mingi na kuambiwa wanachochea.

Katika mwezi uo huo wa Julai iliwekwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtu asiyeijua Lamu anaweza kudhani kwamba hiyo ni hatua ndogo. Lakini mvuvi wa jarife hutega wavu jioni na kuutoa kabla ya mapambazuko. Saa zilizozuiwa ndizo saa zake za kazi. Kwa miezi kadhaa watu waliokaa baharini usiku kucha, waliozijua mashua za kawaida na wangeitambua mara moja mashua ngeni inayokuja kutoka upande wa Somalia, walilazimishwa kulala nyumbani na njaa. Serikali ilijifunga macho yake yenyewe katika bahari iliyokuwa ikitaka kuilinda. Mfano huu ninautaja kila ninapoweza, kwa sababu unaonyesha kwamba hatua isiyo ya haki hudhoofisha hata lengo la kijeshi lililokusudiwa.

Hali kama hiyo iliwapata Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni, wakati Operesheni Linda Boni, ya kuwasaka Al-Shabaab msituni, ilipoanza Septemba 2015. Watu wa Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe wameishi kwa asali, matunda ya mwituni na mashamba madogo ya msituni. Walizuiwa kuuingia msitu kwa uhuru, na shule na zahanati zao zikafungwa kwa miaka. Hakuna anayezijua njia za msitu ule kuliko wao.

Msizidishe chumvi. Safu ya kwanza ikubali pia mambo yasiyofaa hoja yenu. Mmoja wa waliofanya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 walikufa, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwana wa chifu wa Mandera. Hakuwa maskini wala hakukosa elimu. Kwa hiyo msiandike kwamba umaskini huzaa ugaidi. Kauli hiyo inawatukana maskini na itaangushwa mbele ya kamati kwa mfano mmoja. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na watu 718 katika nchi kadhaa za Afrika, wengi wao wakiwa wamewahi kuwa katika makundi yenye silaha. Miongoni mwa waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kikiwemo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowafanya wachukue hatua ya kujiunga. Hiyo ndiyo hoja ya kushikilia. Na hata katika habari ya Garissa, baba wa kijana yule alikuwa ameshatoa taarifa kwa wenye mamlaka kwamba mwanawe ametoweka. Mwananchi alisema; swali la kuuliza ni kilichofanywa na taarifa hiyo.

Fuateni fedha

Taarifa ya Sera ya Bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari, makadirio kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kifungu cha 221 kinaitaka kamati ya Bunge inayochunguza makadirio itafute maoni ya wananchi na kuyazingatia. Waraka unaofika Juni umechelewa. Jitahidini uwe tayari mwezi wa Machi, kisha muurekebishe makadirio yakitoka.

Fedha za jeshi na za ujasusi huja kwa mafungu makubwa yasiyo na ufafanuzi mwingi, na mkipoteza nguvu zenu zote kudai muelezwe kila risasi mtajibiwa kwamba ni siri, na kikao kitakwisha. Njia yenye manufaa zaidi ni kukusanya kutoka katika vitabu vya bajeti vifungu vinavyolipia haki, ambavyo havina siri yoyote, na kuviweka pamoja chini ya jina la usalama. Tafuteni fedha za Tume ya Taifa ya Ardhi, ambayo Kifungu cha 67 kinaipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Tafuteni za IPOA, mamlaka ya raia iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza makosa ya polisi. Tafuteni za usajili wa watu na utoaji wa vitambulisho, za mahakama, na za ulinzi wa mashahidi.

Zaidi ya zote, tafuteni Hazina ya Usawazishaji. Kifungu cha 204 kinaagiza kwamba asilimia 0.5 ya mapato ya taifa ya kila mwaka ipeleke maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, na hazina hiyo imepewa umri wa miaka ishirini tangu Katiba ianze kutumika. Miaka mingi ya umri huo imepita fedha zikitoka kwa kusuasua. Mnapoandika, ulizeni kwa maneno machache: kiasi gani kilistahili kutengewa kaunti yetu, kiasi gani kilifika, na kilijenga nini? Kiongozi anayesema kwamba hakuna fedha za kuzuia vurugu anapaswa kueleza kwanza habari za fungu hili.

Kwa nyaraka msizoweza kuzipata, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi husika inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Sheria hiyo inaruhusu kuzuiwa kwa habari zinazoweza kuhatarisha usalama wa taifa, kwa hiyo ombi liandikwe kwa uangalifu. Mkiomba "mpango wa operesheni" mtanyimwa. Mkiomba kujua ni shule ngapi za wadi yenu zimefungwa kwa sababu za kiusalama, tangu lini, na fedha kiasi gani zimetengwa kuzifungua, hakuna sababu halali ya kukataa. Mkikataliwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kuwasikiliza walioumizwa

Waraka bila sauti za watu ni mkavu, lakini hapa ndipo vikundi vingi hukosea kwa nia njema. Mama ambaye mwanawe alichukuliwa usiku na watu waliofunika nyuso hapaswi kusimamishwa barazani mbele ya chifu na maafisa ili asimulie. Mfuateni nyumbani kwake, wakiwa wanawake wawili anaowaamini, mwelezeni waraka utasomwa na nani, na mwacheni aamue kama anataka kuandikwa au la. Katika waraka wenyewe msitaje jina, kijiji wala jambo lolote litakalomtambulisha. Andikeni mwaka, aina ya tukio, kama liliripotiwa kituoni, na kama lina nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Nambari hiyo ihifadhiwe mahali salama nje ya waraka. Mwenye kutaka kushtaki aelekezwe IPOA au kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, na ikiwa yuko hatarini aulizwe kuhusu Wakala wa Ulinzi wa Mashahidi, kwa kuwa waraka wa maoni hauwezi kufanya kazi ya kesi.

Wasikilizeni na walioumizwa na upande wa pili: familia za walimu na wachimba mawe waliouawa kaskazini, wakulima wa Mpeketoni, wajane wa polisi waliolipuliwa na mabomu ya barabarani. Haki inayowahesabu wahanga wa serikali peke yao haitaaminiwa na yeyote, wala haistahili kuaminiwa.

Na andikeni mahali ambapo uaminifu ulizaa usalama. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, wapiganaji walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 2014, watu 28 walikuwa wameuawa kwa utaratibu huohuo. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo vitambaa vya kujifunika, na mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliogoma, alipigwa risasi na kufariki Januari 2016. Ndani ya basi lile, kilichookoa maisha ni watu waliohesabiana kuwa ndugu. Mpango wa usalama unaowapiga msasa watu wa jamii moja kwenye kila kizuizi, huku wa jamii nyingine wakipungiwa mkono wapite, unaubomoa undugu uo huo.

Madai yawe ya kutekelezeka

Dai la "serikali ikomeshe ukandamizaji" ni la kweli na halina kazi, kwa kuwa hakuna afisa anayeweza kuulizwa mwakani kama amelitekeleza. Kila dai litaje ofisi, tendo, muda na namna ya kupima. Kwa mfano, chama cha wavuvi wa Lamu kinaweza kuandika hivi:

"Tunaomba kwamba, endapo amri ya kutotoka nje usiku itawekwa tena katika Kaunti ya Lamu, Inspekta Mkuu wa Polisi aweke, kabla ya amri hiyo kuanza, utaratibu wa kuwaruhusu wavuvi waliosajiliwa katika kamati za usimamizi wa fuo (BMU) kuendelea na uvuvi wa usiku, kwamba amri iwe na tarehe ya mwisho, na kwamba sababu za kuiongezea muda zielezwe hadharani na Kamishna wa Kaunti katika kikao kitakachohudhuriwa na wawakilishi wa wavuvi."

Tazameni kwamba hakuna neno la hasira humo, na bado hoja yote imo. Wavuvi hao wanaweza kuongeza kwamba Mahakama Kuu ya Malindi iliamua tarehe 30 Aprili 2018 kwamba ujenzi wa bandari ya Lamu ulikiuka haki za wakazi, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Dai la kujua malipo hayo yamefikia wapi ni dai la usalama, kwani kijana anayeambiwa kwamba mahakama ni mlango wazi anapaswa kuona babaye akitoka humo na kitu mkononi.

Kwa watu wa kaskazini, dai la kwanza ningependekeza liwe la vitambulisho. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba uchunguzi wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani umeondolewa. Ombeni takwimu za utekelezaji kwa kila kaunti ndogo: maombi mangapi, vitambulisho vingapi, na muda wa kusubiri. Dai la pili lihusu ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Mei 2013, na mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafuta machozi wahanga ambao Rais Kenyatta aliutangaza Machi 2015 alipoomba radhi kwa niaba ya serikali. Ulizeni kanuni za mfuko huo na orodha ya walionufaika. Madai manne au matano yanatosha.

Mkiwa mbele ya kamati

Mchagueni msemaji mtulivu, na mmoja wa kumsaidia mwenye nyaraka mkononi. Maswali yanayokuja huwa hayatofautiani sana. Mtaulizwa kama mnataka mpaka uachwe wazi. Jibuni kwamba hamtaki. Kwamba mnaitambua kazi ya wanajeshi walio Somalia tangu Oktoba 2011. Na kwamba haki mnayoidai inawahusu wao pia, maana kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, familia zilikaa kwa miaka bila serikali kutangaza hadharani idadi ya waliouawa. Makazi ya polisi, malipo ya wajane na matibabu ya askari aliyerudi na majeraha ya akili ni vifungu vya haki, na mnaviunga mkono.

Huenda mmoja wenu akatamani kuutaja mfano wa Costa Rica, iliyovunja jeshi lake tarehe 1 Desemba 1948 na kuliandika jambo hilo katika Kifungu cha 12 cha katiba ya 1949. Ni mfano wa kweli na wa heshima, lakini utumieni kwa kiasi. Nchi hiyo ilibaki na polisi, na iliposhambuliwa kutoka upande wa Nicaragua mwaka 1955 ilitegemea msaada wa Jumuiya ya Mataifa ya Amerika. Jirani zetu na historia yetu ni tofauti, na mjumbe yeyote wa kamati atalisema hilo. Mfano wa nyumbani una nguvu zaidi. Baada ya shambulio la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, serikali yenyewe ilianzisha Nyumba Kumi, ikiiga utaratibu wa Tanzania wa mabalozi wa nyumba kumi. Mpango huo wote unategemea jirani kumwambia mzee wa mtaa alichokiona. Waulizeni wajumbe wa kamati: katika mtaa ambao mtu aliyetoa habari jana amekamatwa leo kama mshukiwa, nani atampigia simu mzee wa mtaa kesho? Kisha nyamazeni, muwaache wajibu.

Baada ya Juni

Bajeti ikipitishwa, linganisheni sheria ya matumizi na madai yenu, kifungu kwa kifungu, na mwandikieni mbunge wenu matokeo. Fanyeni vivyo hivyo katika kaunti, ambako mipango ya kuzuia misimamo mikali imekuwepo tangu Kwale ilipozindua wake mwaka 2017, na ambako mwakilishi wa wadi hufikika kwa urahisi zaidi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambazo Kifungu cha 229 kinataka zitoke ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, zitawaonyesha kama fedha zilizotengwa zilitumika kihalali na kwa ufanisi.

Yakipuuzwa yote, mnayo haki ya kupeleka ombi rasmi Bungeni chini ya Kifungu cha 119. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa lugha ya heshima, bila maneno yaliyofutwa au kuongezwa juu ya mstari, na ni lazima lieleze kama jambo hilo liko mahakamani na hatua ambazo mmezichukua kwa ofisi husika kabla ya kufika Bungeni. Kwa sababu ya sharti hilo la mwisho, kila barua mtakayoipeleka tangu siku ya kwanza, hata ile ya kuomba takwimu za shule moja iliyofungwa Mangai, ipelekwe kwa nakala mbili, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe kabla hamjaondoka dirishani.